Watoto wa awali na udongo wa kusukuma kama chapati: niliyoyaona kwa miaka 9 darasani

Mwalimu mwenzangu, kwanza pole. Umesema una watoto 30 na ushee wa awali na darasa la kwanza, ukawapa udongo wausukume watengeneze vikombe, vikapinda, vingine vikaachia kwenye maungio, na vilivyosalimika vikapasukia motoni. Sasa unauliza kama watoto wa umri huo wanaiweza kazi hii au uiache mpaka wafike darasa la nne. Wanaiweza. Wa miaka 4 wanaiweza, nimewaona kwa macho yangu. Yaliyokupata yalinipata na mimi, na katika yote matatu hakuna hata moja lililotokana na mikono ya watoto. Kupinda ni unene usiolingana, na namna bapa, yaani donge lililokwisha kusukumwa, lilivyobebwa. Kuachia ni kuunganisha wakati usio wake. Kupasuka ni haraka. Unene na muda ni kazi yako wewe mtu mzima. Yaliyobaki yote mwachie mtoto.

Nafundisha Morogoro. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi kule Upare, na katika maisha yake hakusukuma udongo hata siku moja. Alichukua bonge, akalizamisha ngumi katikati, akaanza kulivuta juu huku yeye mwenyewe akilizunguka, kisha mdomo akaumalizia kwa kamba za udongo. Wanawake wa Kikisi wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao vinauzwa Kyela hadi Mbeya, nao wanajenga chungu kwa mikono. Ndiyo asili yetu, na kwa hiyo nilipoanza niliwafundisha watoto kama bibi alivyonifundisha mimi. Haikwenda. Mtoto wa miaka 5 anabinya upande mmoja mpaka kidole kinatokeza nje, huku upande wa pili ukibaki mnene kama kisigino. Mikono yake bado haijajua kusoma unene. Lakini mtoto huyohuyo ameshamwona mama yake, dada yake au muuza chapati wa mtaani akisukuma donge likawa duara. Siku niliyoleta kibao na mti wa kusukumia chapati sikueleza kitu. Niliviweka mezani tu, wakajua wafanye nini.

Tuanze na udongo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakosea kabla hawajaanza. Udongo wa bustanini haufai. Tafuta mfinyanzi akuuzie, au nenda kwa wafyatua matofali uombe ule wa chini, unaonata. Ukiwa kanda ya ziwa au karibu na mabwawa, usiwapeleke watoto kuchimba huku wamesimama majini, kuna kichocho. Chukua wa kwenye shimo kavu. Ukiupata, sokota kamba nene kama penseli uizungushie kidoleni. Ikijizungusha bila kukatika, umepata. Ikichanikachanika, una mchanga mwingi. Ikikushika vidole kama ugali mbichi, una maji mengi tu, uache upunge hewa.

Uanike ukauke kabisa, uutwange, ndipo uuloweke. Najua inaonekana kama kazi ya bure kukausha kitu unachotaka kukilowesha, lakini udongo mkavu hunywa maji ukasambaratika wenyewe usiku mmoja, wakati wenye unyevu unabaki na mabonge siku nzima. Chuja kwa wavu wa dirishani. Usitumie chandarua kilichotiwa dawa, maana hiyo ni mikono ya watoto na watoto hupeleka mikono mdomoni. Kokoto na vipande vya chokaa vitoke vyote. Kipunje cha chokaa kikibaki ndani, kikapita motoni, baadaye kinanyonya unyevu, kinavimba na kung'oa kipande cha kazi ya mtoto siku mlishaisahau. Mimina kwenye shuka kuukuu la pamba juani mpaka ushikike, kisha ufunike na uulaze wiki moja au zaidi. Udongo uliolala unatii kuliko wa jana.

Hapo changanya vigae vilivyotwangwa. Chukua chungu kilichovunjika, kitwange, chekecha, tia kiasi cha sehemu moja kwa tano za udongo. Kama hakuna, mchanga laini uliooshwa unasaidia. Kitu bapa kinapata taabu motoni kuliko chungu cha duara, kwa sababu joto linaanza upande mmoja na upande wa pili bado baridi. Vile vipunje vinaupa udongo nafasi ya kupumua.

Kiasi cha udongo kisikutishe. Kila mtoto anahitaji donge la ngumi ya mtu mzima, kama gramu 350 hivi. Darasa langu la watoto 38 linatosheka na chini ya nusu ya ndoo ya lita 20.

Sasa kusukuma. Tafuta fito mbili za mbao zenye unene sawa. Kwa watoto wa awali natumia za sentimita 1, kwa darasa la pili napunguza hadi milimita 7. Donge linakaa katikati, fito huku na huku, mti wa kusukumia unapita juu ya fito. Ukifika kwenye fito hauwezi kushuka tena, kwa hiyo hata mtoto mwenye nguvu za ng'ombe hawezi kulifanya bapa lake liwe jembamba upande mmoja. Kama huna miti ya chapati ya kutosha, kata bomba la maji la plastiki la inchi 2 vipande vya urefu wa rula. Chupa za vioo ziache nyumbani. Chini tandika gunia la katani au kitambaa cha pamba. Ukisukumia juu ya plastiki au meza tupu, bapa linaganda na mtoto analing'oa kwa kucha.

Meza za darasani zipo juu mno kwao, na mtoto aliyekaa kwenye kiti anasukuma kwa viganja tu. Waweke chini, kwenye mkeka, wapige magoti. Hapo mwili mzima unaingia kazini, mabega na mgongo, na kicheko kinapungua chenyewe kwa sababu kazi imewameza. Wasukume mara tatu, wageuze bapa, wasukume tena kwa kukata njia ya kwanza. Kugeuza si mapambo. Upande uliokandamizwa sana na upande uliolala tu havikauki sawa, na hapo ndipo kisahani kinanyanyua masikio.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba udongo hausahau. Ukilinyanyua bapa kwa kushika ncha mbili likaning'inia, kisha ukalilaza vizuri likaonekana limenyooka, likikauka linarudia ule mpindo wa kuning'inia. Nililaumu jua, nikalaumu udongo, kumbe ni mimi niliyekuwa nikipita nanyanyua kazi za watoto nikizipanga kwenye rafu kama karatasi. Siku hizi bapa linabebwa pamoja na kitambaa chake, au linapinduliwa toka kibao kwenda kibao. Watoto nimewaambia bapa ni mtoto mchanga, shingo yake haijakaza. Wanalibeba kwa mikono miwili bila kuhimizwa.

Kazi ya kwanza isiwe kikombe. Hapo ndipo ulipojitwisha mzigo, mwalimu. Anza na jani. Mtoto atoke nje achague jani mwenyewe, alilaze kwenye bapa mishipa ikiangalia chini, apitishe mti wa chapati mara moja tu, kisha alibandue taratibu. Jani la mpapai linatoa alama nzuri mno, la mwembe linateleza, la muhogo linafaa likiwa bichi. Kuna binti mmoja wa miaka 5, mkimya, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amegusa udongo, anakaa pembeni na mikono nyuma. Siku ya majani alileta jani la mpapai kubwa kuliko bapa lake. Nikataka kumwambia alikate. Nikajizuia. Alilaza nusu, akasukuma, akabandua kwa ncha za vidole viwili huku ulimi umetoka kidogo, na ile mishipa ikaonekana moja moja hadi ile myembamba kama unywele. Aliinama mpaka pua ikakaribia udongo. Kisha akachukua kidole kimoja akafuata mshipa mmoja kutoka katikati hadi ukingoni, akarudi, akafuata wa pili. Alimaliza yote. Kwa kuwa jani lilivuka ukingo, alama nayo iliishia ukingoni kana kwamba inaendelea nje ya bapa. Ningelikata lile jani tusingepata kitu kizuri kama kile.

Baada ya majani, wanakata umbo. Kisu hapana. Kijiti cha mshikaki kilichopunguzwa ncha, kifuniko cha kopo, uzi. Kisha bapa linalazwa ndani ya bakuli lililotandikwa kitambaa, linakandamizwa kwa sponji, na hicho ni kisahani. Kazi ya nusu saa, na kila mtoto anarudi nyumbani na kitu kinachofanana na kitu. Rudieni visahani mara tatu, nne. Usichoke wewe, wao hawachoki.

Vikombe vije baadaye, na kwa watoto wadogo ni mkebe wa kuwekea penseli, usio na mkono. Bapa linazungushwa kwenye kipande cha bomba kilichovishwa gazeti. Gazeti linasaidia bomba litoke, na bomba lazima litoke siku ileile likishasimama. Udongo unasinyaa ukikauka na bomba halisinyai, kwa hiyo ukiliacha ndani hadi kesho utakuta ufa toka juu hadi chini.

Kuhusu maungio yako yaliyoachia: uliunganisha udongo mbichi kwa mbichi kwa maji tu, nadhani. Subiri bapa lifikie hali ninayoweza kuilinganisha na sabuni ya mche iliyokatwa leo. Linasimama lenyewe, halikushiki kidole, lakini kucha bado inaacha alama. Hapo pande zote mbili zipigwe chale kwa uma, chale za kukatana, zipakwe uji wa udongo, zishikizwe kwa kusuguasugua mpaka uzisikie zimeumana. Uji unatengenezwa kwa masalia ya udongo uleule yaliyokaushwa na kulowekwa, na mimi natia vijiko viwili vya siki. Ndani ya pembe laza kakamba kembamba ka udongo ukasawazishe kwa kidole. Watoto wanaita ule uji gundi, waache waite gundi. Ila wafundishe kwamba gundi bila chale ni bure, na watakuwa wanakaguana wenyewe: "Umechanja? Hujachanja."

Ukingo uliopinda, alama ya kidole, mdomo wa mkebe ulioegemea upande mmoja, vyote viache. Nakuomba usimalizie kazi ya mtoto. Nimeona walimu, tena wazuri, wakipita jioni watoto wakishaondoka wanasawazisha kila kitu ili wazazi wafurahi. Mtoto anajua. Kesho yake anatafuta kazi yake haioni, ingawa ipo mbele yake.

Kukausha. Kivulini, polepole, juu ya wavu au fito ili hewa ipite chini. Kingo hukauka kabla ya katikati na ndizo zinazojikunja, kwa hiyo siku mbili za mwanzo funika. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki. Tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 natumia khanga kuukuu yenye unyevunyevu, au ndoo iliyofudikizwa juu ya kazi mbili tatu. Vigae vya majani, yaani yale mabapa yenye alama za majani, viweke katikati ya vibao viwili. Wakati wa kiangazi wiki moja inatosha, masika hesabu mbili au zaidi. Kujua kama kimekauka, kiguse shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji, hata kama kwa macho kimekuwa cheupe. Watoto wanapenda kipimo hiki kuliko vyote, unakuta mstari wa watoto wamelaza visahani mashavuni. Na kama unataka hesabu ndani yake, siku ya kusukuma chora kwenye bapa mstari wa sentimita 10, upimeni tena kikikauka, na tena kikitoka motoni. Udongo wangu unaishia karibu na 9. Walishangaa sana kwamba kitu kimepungua na hakuna aliyekimega.

Sasa moto. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mikebe 31, na mahafali yalikuwa Ijumaa. Ilikuwa Jumatano, mvua za vuli zilikuwa zimenyesha siku tatu, na mikebe kwa macho ilikuwa mikavu. Nikaichoma jioni. Ilianza kulia kama bisi kwenye sufuria, moja, kisha tatu kwa pamoja, kisha sikuhesabu tena. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, moto wa kuni unapanda mara nyingi kati ya 600 na 900, na mvuke uliofungiwa ndani ya udongo hauna mlango. Wengi wanasema ni hewa iliyobaki kwenye kukanda. Kukanda ni muhimu, lakini kinachopasua ni maji. Asubuhi ilibidi niwaeleze watoto 31. Niliwaambia kweli: mwalimu alikuwa na haraka. Kulikuwa na waliolia. Mvulana mmoja aliokota kigae chenye alama ya kidole chake, akakiweka kwenye kidole kuhakikisha, akakitia mfukoni. Vigae vingine tukavitwanga pamoja wiki iliyofuata, na ndivyo nilivyoanza kutia vigae kwenye udongo. Wazazi waliokuja mahafali waliona meza tupu. Bado linaniuma.

Tangu hapo, kazi ikishapita kipimo cha shavu, naipasha. Tunaipanga kuuzunguka moto mdogo, kwa umbali wa hatua moja, tunaigeuzageuza kwa muda wa saa mbili au tatu, kila mara inasogezwa karibu kidogo, mpaka haishikiki kwa mkono mtupu. Ndipo inaingia kwenye shimo: kuni chini, kazi zimesimamishwa wima kama sahani kwenye kichanja na zisilazwe kwa kurundikana, pembeni na juu samadi kavu, kisha nyasi. Huku kwetu pumba za mpunga ni nyingi, zinawaka polepole bila miali mikali, na kwa vitu bapa ni rafiki mkubwa. Usiku mzima unafuka. Usifunue mpaka kesho yake jivu lipoe kabisa. Kigae cha moto kikikutana na upepo wa asubuhi kinapiga ufa. Watoto wanatazama kutoka nyuma ya kamba, pamoja na mtu mzima wa pili ambaye kazi yake ni kamba tu. Kufukua jivu wanafanya wao.

Waambie wazazi mapema kwamba vyombo hivi si vya kunywea chai. Moto huu haufikii kuufunga udongo, maji yanapenya, uchafu unakaa ndani. Bibi chungu kipya alikuwa akikichemshia uji wa muhogo kwanza ili kizibe, lakini alikuwa anajua udongo wake unatoka wapi. Penseli, maua makavu, vifungo, hivyo sawa. Na kama huna mahali pa kuchomea, usiache kazi kwa sababu hiyo. Kigae kilichokauka vizuri, kikapakwa rangi, kinakaa ukutani miaka mradi kisinyeshewe.

Mambo mawili ya afya nisiyosahau. La kwanza, watoto wengi wanawaona mama zao wajawazito wakila pemba, kwa hiyo kwao udongo ni chakula pia. Nilishawakuta wawili nyuma ya ndoo wanaonja. Sikuwagombeza, niliwaeleza kwamba huu umetoka shimoni na una vijidudu, na tangu hapo tunanawa kwa sabuni kabla ya uji wa saa nne. La pili, usifagie vumbi kavu la udongo darasani. Lina silika, na mapafu ya mtoto hayaitoi. Futa kwa kitambaa kibichi. Mikono wanawie kwenye ndoo, si kwenye sinki, maana bomba litaziba. Maji yakitulia mwaga ya juu kwenye miche, tope la chini lirudishe kwenye akiba.

Kwa idadi yako, usiwaweke wote kwa pamoja. Sita au saba kwenye mkeka, wengine wako nje na mwenzako au wanachora majani watakayotumia. Utamaliza darasa zima kwa siku tano, na wale wa Ijumaa watakuwa wameshajifunza nusu kwa kuwachungulia wa Jumatatu. Mabinti wa wafinyanzi walijifunza hivyohivyo, kwa kukaa pembeni ya mama.

Vile vigae vyako vilivyopasuka usivitupe, vitwange. Na ukishapata udongo mpya, sokota ile kamba, izungushie kidoleni, piga picha uiweke hapa tuitazame kabla hujaanza kukanda. Ukinitajia na sehemu uliyochimba nitakuambia kama uongeze vigae au mchanga.